Vijana wa kwanza wa Jeshi la Anga wamezeeka: nani anaandika kumbukumbu zao?

Wanajeshi wastaafu wakikutana, swali la kwanza mara nyingi si kabila wala kijiji. Ni "Ulikuwa depo gani?" Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huulizana, "Operesheni gani?" Majibu yakilingana, umri husahaulika hapo hapo. Zamani walikutana zaidi misibani. Siku hizi wanatafutana pia kwenye makundi ya WhatsApp.

Leo tunalitazama kundi moja dogo: vijana wa kwanza waliofundishwa kurusha na kutengeneza ndege za jeshi la Tanzania. Habari zao zinatuhusu hata sisi wa Chiwata, Masasi na Newala.

Walianzaje?

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Vijana wengi walioingia walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, iliyoanzishwa Julai 10, 1963.

Jeshi jipya lilihitaji ndege, na Ujerumani Magharibi ikaanza kusaidia. Lakini ikakasirika kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Kanada ikachukua nafasi na kufundisha vijana wetu, wengine huko huko Kanada, hadi 1970. Baada ya hapo ikaja China, iliyosaidia kujenga kituo cha ndege cha Ngerengere, mkoani Morogoro, na kutoa ndege za kivita.

Kwa hiyo kijana aliyejiunga mapema aliweza kuonja ualimu wa nchi zaidi ya moja kabla hajafikisha miaka 30. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, iliangusha mabomu Mwanza. Kwa vijana hao, anga haikuwa tena somo la darasani.

Wenzao wa Uingereza

Katika miaka ya 1920 jeshi la anga la Uingereza lilianza kufundisha ufundi wa ndege huko Halton kwa wavulana, wengi wa miaka 15 hadi 17. Mafunzo hayo yaliendelea hadi 1993. Waliopita pale wana chama chao na mikutano yao, na kila mmoja hujitambulisha kwa namba ya kundi aliloingia nalo, sawa na wazee wetu na depo zao. Tofauti ni kwamba wenzetu wameandika: wana vitabu, majarida na picha zenye majina. Sisi sehemu kubwa bado iko vichwani mwa wazee.

Hesabu ni rahisi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 amezaliwa 1945. Sasa ni mzee wa miaka 80 hivi. Kila mwaka unaopita unapunguza watu wa kuulizwa.

Mikutano hutunza nini, huacha nini?

Wastaafu wakikutana hufanya mengi mema. Huchangiana rambirambi, huelekezana kuhusu mafao, humfariji mjane wa mwenzao. Lakini kumbukumbu za mkutanoni zina kasoro. Wanaokuja ni wale waliomaliza vizuri na wenye nauli. Aliyefukuzwa, aliyeumia, aliyerudi kijijini kulima korosho na simu ya vitufe, hayumo. Na hadithi ikisimuliwa mara ishirini hunenepa. Adhabu iliyomliza kuruta inageuka kichekesho.

Ndiyo maana tunasema kazi ya kuandika isiachiwe wastaafu peke yao. Wajukuu wana simu za kurekodi. Shule zina wanafunzi wa historia. Redio ina muda wa kusikiliza.

Ukimkuta mzee wa namna hii, anza na mambo madogo: alisafiri vipi kwenda depo, alikula nini, nani alimfundisha, siku ya kwanza kupanda ndege alihisi nini. Linganisha maelezo yake na vyeti, barua na tarehe nyuma ya picha. Muulize pia majina ya wasiokuja mikutanoni. Asipotaka kusema jambo, usimlazimishe. Mambo ya silaha na vituo vinavyotumika leo yaache kabisa, kwani Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inalinda siri za nchi. Na kabla ya kusambaza sauti yake, mwombe ruhusa.

Kusini kwetu tunajua thamani ya majina. Naliendele, Mtwara, yapo makaburi ya wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliokufa. Hao wana siku yao na wana mawe yenye majina. Walio hai, waliorudi vijijini kimya kimya, wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao kwenye mkeka jioni moja, simu ikiwa imewashwa, na kuwauliza.