Pembe Thabiti Ndiyo Makali

Atakayepita sokoni Makongeni, mjini Thika, saa za jioni, wakati wafanyakazi wa viwandani wanaporejea makwao na akina mama wauza mboga wanapowakatia wateja sukuma wiki, ataona, akitazama kwa makini, jambo ambalo limezoeleka hata halisemwi tena: visu vinavyofanya kazi ile vimekonda. Kisu kilichonunuliwa kikiwa na bapa la vidole vitatu kimebaki na bapa la kidole kimoja. Tumbo lake limeliwa, ncha yake imepinda, na makali yake yana mawimbi ambayo mtengenezaji hakuyatia. Mwenyewe atasema kwamba kimechakaa kwa kazi. Hasha! Sukuma wiki haina nguvu ya kula chuma. Kilichokila kisu kile ni kunolewa bila kipimo, na dai langu katika makala haya ni kwamba wakati umewadia kwa nyumba zetu, vitalu vyetu vya miche na karakana zetu kutumia kifaa chenye kiongozi, kile kinachoshika pembe ya makali kwa niaba ya mkono, na kwamba kifaa hicho tunaweza kukiunda wenyewe papa hapa Thika.

Makali ni mahali zinapokutana nyuso mbili za chuma, na ubora wake hutegemea pembe ya makutano hayo kuliko unavyotegemea bei ya kisu au jina lililochorwa ubavuni mwake. Kisu cha jikoni aghalabu hufaa kikinolewa nyuzi 17 hadi 20 kila upande. Kisu cha kukunja, ambacho leo hukata kamba, kesho ngozi na kesho kutwa kuchonga kijiti, hustahimili zaidi kikiwa na nyuzi 20 hadi 25. Na kisu cha kazi za sulubu huhitaji hata 30. Mtu anaponoa kwa mkono mtupu juu ya kinoo, kifundo cha mkono hupanda na kushuka bila yeye kujua, pigo hili likiwa na nyuzi 15 na lifuatalo 28, mpaka ukingo ule uliotakiwa kuwa mkali huviringika. Fundi mahiri hushinda udhaifu huo kwa mazoezi ya miaka mingi, naye anastahili heshima yake. Lakini si insafu kumtaka kila mama wa nyumba na kila kijana wa kitaluni awe na mazoezi ya miaka mingi ndipo apate kisu kinachokata.

Basi watu hufanya nini? Wengine humngoja mnoaji apitaye mitaani na baiskeli, ambaye huisimamisha, akakanyaga pedali, na ukanda ukaizungusha cherehe iliyofungwa mbele yake. Wengine humpelekea kisu fundi mwenye grainda ya umeme. Wa kwanza ana fadhila ya mwendo wa taratibu, ingawa pembe yake hubadilika kisu hadi kisu; wa pili ana dhara kubwa zaidi, kwa kuwa kasi ya grainda huzaa joto ambalo feleji nyembamba ya ukingoni haiwezi kulistahimili. Ugumu wa visu vingi huanza kulegea joto likipita takriban nyuzi 200 za Selsiasi, na likikaribia 300 chuma hugeuka rangi, kwanza manjano kama nyasi kavu, kisha buluu. Mwenye kisu huona cheche zikiruka akadhani anahudumiwa vyema, kumbe zirukazo ni mali yake. Hurudi nyumbani na makali ya siku mbili, akarudi tena kwa fundi, na kisu kikazidi kukonda.

Kifaa chenye kiongozi hutibu maradhi haya kwa njia iliyo nyepesi kuifahamu. Kisu hubanwa kwenye kibanio kidogo, makali yakiangalia nje; kwenye kibanio husimama kipande cha chuma chenye matundu yaliyopangwa moja juu ya jingine; na jiwe la kunolea huwa na ufito mrefu ambao hupitishwa katika tundu mojawapo. Tundu likishachaguliwa, pembe imekwisha amuliwa: mkono unaweza kutetemeka upendavyo, na jiwe halitagusa chuma ila kwa mwinamo ule ule. Kampuni ya Lansky ya Marekani, ambayo ilieneza kifaa cha namna hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hutoboa matundu ya nyuzi 17, 20, 25 na 30, na mawe yake hupangwa kwa ukwaruzo, namba 120 likiwa la kutengeneza ukingo ulioharibika, 280 la kunolea, 600 la kulainisha. Vipo vifaa vya kampuni nyingine, vya bei kubwa na ndogo, lakini kanuni yake ni ile ile.

Kazi yenyewe haina siri. Kabla ya kuanza, paka ukingo wa kisu wino mzito wa kalamu, kisha pitisha jiwe mara mbili tatu: wino ukitoka juu tu na kubaki ukingoni, pembe ni ndogo mno, ukitoka ukingoni tu, pembe ni kubwa mno, ukitoka wote, umepata. Tia maji au mafuta kidogo, kwa kadiri ya jiwe lako, usukume jiwe kuelekea makali bila kukandamiza, toka mpinini hadi nchani. Endelea upande huo mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa upole, ukitoa kidole nje ya ukingo wala usikipitishe juu yake, uhisi mkwaruzo mwembamba wa chuma uliojikunja kwa urefu wote. Hiyo ndiyo shahada ya kwamba nyuso mbili zimekutana. Geuza, ufanye vivyo hivyo, kisha ushuke kwenye jiwe laini zaidi, ukipunguza nguvu kila unapobadilisha. Mwishowe kishike kisu chini ya taa ukitazame moja kwa moja ukingoni: penye ubutu patang'aa mstari mweupe, na penye makali hapatarudisha nuru yoyote. Na gazeti hili ukishalisoma, ukurasa wake mmoja ukiushika hewani utakupa mtihani wa mwisho, maana kisu kilichonolewa sawasawa huupasua bila kuurarua.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya starehe, ya watu wanaopenda visu kama wengine wapendavyo saa. Namwomba atazame mashamba yanayotuzunguka. Parachichi aina ya Hass, ambalo wakulima wetu wengi wamelitegemea, lilitoka kwenye mti mmoja wa Rudolph Hass, California, aliyepewa hataza yake mwaka 1935. Mbegu yake haizai mti ulio sawa na mzazi, kwa hiyo kila mche wa Hass ni lazima ubebeshwe kwa kisu. Hapo Ruiru, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, na mkulima mwenye mibuni ya zamani inayoshambuliwa na maradhi anaweza kubebesha Batian juu ya shina la zamani badala ya kung'oa shamba zima. Kazi yote hii hufanywa kwa kisu kidogo cha kukunja, chenye mnoleo wa upande mmoja, na hufaulu au huharibika katika tabaka jembamba mno lililo chini ya gome, ambalo ndilo liukuzao mti. Kisu kikali hulikata kwa pigo moja, na vidonda viwili vikashikana. Kisu butu huliponda, likakauka au likaingiwa na uozo, na miezi ya kumwagilia maji ikapotea bure. Kisu cha namna hiyo hunolewa upande wake mmoja kwa kifaa, kisha upande wa pili hulazwa bapa juu ya jiwe laini kabisa, mara moja au mbili, kuondoa mkwaruzo tu. Kukipeleka kwenye grainda ni kukiua.

Wako pia watakaohofu kwamba kukithirisha makali majumbani ni kukithirisha majeraha. Hofu hiyo ina heshima yake, na kisu hakina budi kuwekwa mbali na watoto. Lakini kila aliyewahi kumenya nanasi la Thika kwa kisu butu anajua kwamba kisu hicho hudai nguvu nyingi, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu ndicho kiponyokacho kikaingia mkononi. Kikali hutii, na mwenye kukitumia hana haja ya kushindana nacho.

Hofu iliyo nzito zaidi kwangu ni ya riziki ya wanoaji wa baiskeli, maana sitaki maarifa ya wengi yawe njaa ya wachache. Jibu langu ni kwamba wao ndio wanaostahili kuwa wa kwanza kukimiliki kifaa hiki. Cherehe ibaki kwa panga na majembe, na kifaa kitumike kwa visu vya kukunja, vya kubebeshea na vya jikoni, ambavyo wenyewe watalipia zaidi wakiona kwamba makali yanadumu na bapa haliliwi.

Wala hatuna haja ya kungoja meli. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliwaambia walimwengu kwamba mafundi wadogo wa Kenya, ambao serikali ya wakati huo iliwadharau na kuwasumbua, walikuwa ni nguvu ya uchumi. Na fundi wa jua kali wa Thika, aliyezungukwa na viwanda vya kila namna, ana jiliwa, tupa, keekee na chuma chakavu tele. Hesabu yenyewe ni hii: tundu likiwa umbali wa sentimita 15 kwa mlalo kutoka kwenye makali, kimo cha sentimita 4.6 juu ya usawa wa makali hutoa nyuzi 17, sentimita 5.5 hutoa nyuzi 20; sentimita 7 hutoa nyuzi 25; na sentimita 8.7 hutoa nyuzi 30. Ni wajibu kukumbuka unene wa jiwe lililo chini ya ufito, na kupima kwa uangalifu kabla ya kutoboa. Vipande viwili vya bapa la chuma, skrubu mbili, ufito ulionyooka na jiwe la dukani lililokatwa vipande vyembamba, hivyo ndivyo vitu vyote vinavyohitajika.

Nawasihi, basi, walimu wa vyuo vya ufundi vya Thika na Ruiru wawape wanafunzi wao kazi hii katika muhula ujao, kwa kuwa ndani yake mna jometri, uhunzi na biashara kwa pamoja. Nawasihi mafundi wa Makongeni wakiunde, wakiuze kwa bei ambayo mama mboga na mwenye kitalu wataimudu. Na nawasihi wenye visu wasingoje ubutu, bali wanoe kidogo kidogo na kwa kipimo. Wahenga wamesema kwamba kinolewacho hupata. Nami naongeza kuwa hupata upesi zaidi, na hudumu zaidi, pale pembe isipobadilika.