"Nitumie maswali kwa WhatsApp": Kimya kinachomgharimu mwandishi wa kujitegemea

"Nitumie maswali kwa WhatsApp, nitakujibu."

Mwanahabari yeyote wa kujitegemea nchini Kenya anaijua kauli hiyo. Maswali yanatumwa, alama mbili za buluu zinaonekana, kisha kimya. Siku ya tatu afisa yuko mkutanoni. Siku ya tano simu haishikwi kabisa.

Nyuma ya kimya hicho kuna hesabu. Ripota aliyeajiriwa akizungushwa wiki mbili, mshahara wake hauguswi. Wa kujitegemea kwa kawaida hulipwa habari ikitoka, na nauli na bando mara nyingi ni za mfuko wake. Afisa akivuta muda kidogo tu, habari inakufa bila yeye kukanusha lolote.

Kwa hivyo kabla ya kumbembeleza, afadhali kujiuliza kama anahitajika kweli. Kama ni pesa za barabara ya kaunti, stakabadhi zitasema mengi kuliko msemaji.

Na hapa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasaidia, japo wengi hawaigusi. Raia anaandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, halipishwi kuliwasilisha, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Sababu zake za kutaka habari hiyo haziwezi kutumiwa kumnyima. Ikikataa, anaenda kwa Ombudsman. Siku 21 ni nyingi, kweli, lakini angalau zinahesabika. "Kesho" ya afisa haihesabiki.

Kuna mgumu mwingine: anaongea saa nzima, halafu usiku anapiga, "Hiyo usiandike." Inategemea ni nani. MCA aliyejua anahojiwa hawezi kufuta maneno yake. Mama aliyesimulia jinsi mwanawe alivyopigwa ni kesi tofauti kabisa, maana jina lake linaweza kumletea watu mlangoni. Mapatano na mtu kama huyo hufanywa kabla kinasa sauti hakijawashwa.

Anayetaka kusoma makala kwanza? Asomewe nukuu zake, basi.

Kwa aliyenyamaza, ujumbe mmoja wa mwisho wenye siku na saa unatosha. Habari itoke ikieleza alitafutwa lini, mara ngapi na kwa njia gani. Mara nyingi simu hurudi baada ya ujumbe huo.