Yule Panya Hakukosa Nidhamu

Juzi nilipost klipu ya shangazi yangu akicheza kwenye harusi. Dera limemkaa, anazungusha kiuno kuliko bibi harusi, mimi nacheka nyuma ya kamera. Komenti ya kwanza: "Mwambie apunguze chapo." Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, nikaifuta kabla hajaiona.

Shangazi ana kitambi, ana presha, na mwaka jana sukari ikaongezeka hapo juu. Hivi vitu hupenda kuja pamoja. Hata kliniki alishaulizwa mbele ya foleni, "Mama, kwani hujipendi?"

Sasa wasee, acheni niwape stori ya panya. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi mwanasayansi, lakini hii imekataa kunitoka kichwani.

Mwaka wa 1949, kwenye Jackson Laboratory kule Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wanene ajabu. Walikula bila kushiba hadi uzito ukafika kama mara tatu ya panya wa kawaida. Na manze, panya hajawahi kuona kibanda cha chipsi wala mutura ya jioni.

Baadaye mtafiti Douglas Coleman akaanza kuwashona panya wawili wawili wakiwa hai, ili damu ya mmoja imfikie mwingine. (Wengine waliacha kula kabisa hadi wakafa. Mimi hiyo sehemu niliisoma nikafunga simu kidogo.) Panya mnene akipata damu ya panya wa kawaida, anakula kidogo. Kumbe kwenye damu kulikuwa na ujumbe wa "nimeshiba" ambao mwili wake haukuweza kutengeneza. Mwaka wa 1994 timu ya Jeffrey Friedman kule New York ikaipata jeni yenyewe. Homoni yake ikaitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili, inaenda kuambia ubongo akiba ipo, tulia.

Halafu 1997, Uingereza, wakaripotiwa watoto wawili, mtu na binamu yake, wenye hitilafu kwenye jeni hiyohiyo. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Hebu fikiria mama yake aliambiwa mara ngapi kwamba hajui kulea. Alipoanza kudungwa leptini, hamu ya kula ikashuka, uzito nao ukafuata.

Lakini msiniwekee maneno mdomoni: shangazi si yule panya. Watu wengi wanene wana leptini tele, ni ubongo ndio hauitikii vizuri. Kwa wengi wetu si jeni moja, ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, halafu juu yake weka kazi ya kukaa kutwa, usingizi mbovu na chakula rahisi cha unga mweupe na mafuta. Kwa hivyo chakula ni muhimu, sijakataa. Shangazi hutembea kila jioni, chai anakunywa bila sukari, na dawa hakosi. Bado kitambi kiko. Na nyinyi mnaonitumia matangazo ya chai ya kuyeyusha tumbo, nitawablock tu.

Ukitaka kumwambia mtu hana nidhamu, kwanza niambie njaa yake iko aje, kwa sababu hujawahi kuisikia.

Klipu sijaitoa. Nilimuuliza shangazi, akasema niiache, ila nikate pale alipokanyagwa dera.