Kwa nini Sobukwe alikwenda polisi mwenyewe



Jumamosi iliyopita tulijifunza kwa nini Machi 21 ni sikukuu ya Haki za Binadamu hapa Afrika Kusini. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kumbe Sobukwe alivunja sheria! Mbona anasifiwa?" Baadaye mzazi mmoja akanivuta pembeni: "Mwalimu, sisi ni wageni, tunaishi kwa vibali. Usiwafundishe watoto kuvunja sheria." Wote wawili wanastahili jibu.

Wakati wa ubaguzi wa rangi, Mwafrika mtu mzima alilazimika kutembea na pasi. Akikutwa bila pasi, alikamatwa. Familia zilizotoka Kenya zinalijua jambo hili: enzi za Waingereza kiliitwa kipande, na wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Sheria hizo ziliandikwa vizuri na kupigwa muhuri, lakini hazikuwa za haki.

Robert Sobukwe alifundisha lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Wits, hapa hapa Johannesburg, na alikuwa kiongozi wa chama cha PAC. Hakutafuta njia ya kuwakwepa polisi. Alimwandikia mkuu wao mapema, akamweleza kwamba hapatakuwa na fujo. Asubuhi ya Machi 21, 1960 aliondoka nyumbani kwake Mofolo, Soweto, bila pasi, akatembea na wenzake hadi kituo cha Orlando ili wakamatwe. Siku hiyo hiyo, huko Sharpeville, kusini mwa jiji letu, polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kupinga pasi. Waliouawa walihesabiwa kuwa 69.

Sobukwe alifungwa miaka 3. Kifungo kilipokwisha mwaka 1963, bunge lilitunga sheria mpya ili asitoke, akazuiliwa Robben Island hadi 1969. Alifariki mwaka 1978. Sheria za pasi zilifutwa 1986.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza, anayemhonga askari wa barabarani naye huvunja sheria, lakini hujificha, na faida ni yake peke yake. Sobukwe alifanya mchana kweupe, kwa ajili ya wengi, akiwa tayari kuadhibiwa. Ukisema "dhamiri yangu imeniambia," jiulize kwanza: naweza kulifanya mbele ya watu? Nani atafaidika? Nani ataumia?

Nawe mzazi mwenzangu, hofu yako ni ya kweli. Mkewe Sobukwe, Veronica, na watoto wao wanne nao waliumia miaka yote ile. Mimi pia natembea na kibali mfukoni, na sitamtuma mtoto wa mtu kwenda kukamatwa. Lakini karani aliyepiga muhuri pasi zile hakuvunja sheria yoyote. Tukiwafundisha watoto utii peke yake, tunaweza kumlea karani yule. Nataka wajue kutii sheria, na pia wajue kuuliza kama ina haki.

Kazi ya nyumbani: waulizeni wazee wenu, hata kwa simu, kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kukataa amri ya dhuluma, na yaliyompata baadaye. Jumamosi ijayo tusimulieni, kwa Kiswahili.