Akili 8 Si Ufala

Leo tuongee kuhusu yule fala wa meza. Kama umewahi kucheza Dungeons & Dragons, unamjua. Amechagua mpiganaji wa misuli, akaweka namba yake ya chini kabisa kwenye Akili, na kuanzia dakika ya kwanza ni fujo tu. Anakula mshumaa. Anamtusi mfalme. Anavuta kila kamba anayoiona ikining'inia. Ukimuuliza mbona, anainua mabega: "Si umeona karatasi? Akili yangu ni 8."

Mimi nasema karatasi haijasema hivyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuketi kwenye hii meza: D&D ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mtu anabuni mhusika wake, mmoja wenu anakuwa msimulizi, yule tunamuita DM, na ukitaka kufanya jambo ambalo linaweza kufeli, unarusha dadu. Kila mhusika ana namba sita: Nguvu, Wepesi, Uimara, Akili, Busara na Mvuto. 10 ni mtu wa kawaida. Ukiwa na 8, unapunguziwa pointi moja kwenye dadu ya pande 20.

Pointi moja, buda. Hiyo ni asilimia 5. Wape mwenye 10 na mwenye 8 maswali 20 ya kukumbuka au kuchambua, na kwa wastani wa 8 atakosa moja zaidi. Ukishuka mpaka 6, ni mawili. Ndiyo tofauti yote.

Halafu kuna hii. Njia ya zamani ya kupata hizo namba ni kurusha dadu tatu za kawaida na kujumlisha. Ukifanya hivyo, karibu mara moja kati ya nne utapata 8 kurudi chini. Kwa hivyo chukua matatu ya abiria 14: watatu au wanne humo ndani wana Akili 8 au pungufu. Na wote wamejua steji yao, wamemkumbusha makanga chenji, na hakuna hata mmoja amejaribu kutafuna mkanda wa kiti.

Sasa huyo mla mishumaa ametoka wapi? Kwa sheria za mchezo hayuko. Ametoka kwetu. Ndiyo maana mimi hii kitu siioni kama jambo dogo la "ni mchezo tu". Namba inakupa asilimia 5, zile zingine zote unajaza mwenyewe, na unachojaza ni vile unawaona watu ambao kichwani mwako umeshawaweka kwa kikapu cha wajinga.

Sikiliza tu sauti. Hapa Nairobi, mtu akiambiwa aigize mhusika asiye na akili, mara nyingi hata hafikirii mara mbili: anaanza kuongea kama watchie. Anachanganya "r" na "l", anaweka lafudhi ya ushago, na meza nzima inacheka. Tumelelewa na vichekesho vya lafudhi, kutoka Vioja Mahakamani ya KBC mpaka video za TikTok, na vingine ni vikali kweli, sikatai. Lakini ona kilichofanyika hapo. Hukuonyesha mtu anayechelewa kuelewa. Umeonyesha mtu anayeongea lugha ya tatu au ya nne, ambaye huenda anakushinda kwa lugha mbili.

Kuna usiku tulicheza na jamaa wa hiyo sauti, na msee mmoja mezani akanyamaza. Alirusha dadu akiambiwa, basi. Tukitembea kwenda steji akaniambia mdogo wake yuko kitengo maalum shuleni, na zile kelele jamaa alikuwa anatoa ndizo kelele watoto wa ploti humtolea. Hakutaka kuharibu mchezo, ndiyo maana hakusema. Hajawahi kurudi.

Huu mchezo wenyewe una historia ya namna hiyo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilimpunguzia kila nusu-orki pointi mbili za Akili kwa sababu tu amezaliwa nusu-orki. Kitabu cha mwaka 2016 kiliitwa Volo's Guide to Monsters, na humo orki wote wakapata hiyo adhabu tena, mpaka ikaondolewa mwaka 2020. Kwenye kitabu kipya cha wachezaji cha 2024, nyongeza za namba zinatokana na maisha aliyoishi mhusika, si damu yake. Kuna watu walilia ati siasa zimeingia kwa mchezo. Sawa. Lakini mimi ni Mkenya. Miaka ya 1930, hapa hapa Nairobi, daktari mkoloni H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alikuwa anahubiri kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, na mwenzake F. W. Vint akapima ubongo wa maiti za watu wetu, kisha akachapisha matokeo mwaka 1934. Nikiona kabila zima limeandikiwa "toa 2", hata kama ni kabila la viumbe wa kijani wenye meno ya nguruwe, lazima nikunje uso kidogo.

Hapa najua mtu atasema: kwa hivyo tusicheze wahusika wa akili ndogo? Hapana! Mchezeni! Mimi ndio nawapenda zaidi. Na kihesabu ni lazima mtu awacheze, maana kati ya aina 12 za wahusika kwenye kitabu cha 2014, ni mchawi wa vitabu, yule wizard, peke yake anayetegemea Akili kama silaha kuu. Sisi wengine ile 8 yetu inaishia hapo.

Mfano wangu wa siku zote ni Grog wa Critical Role, jitu la Travis Willingham. Akili yake ni 6. Anachekesha mpaka unashika mbavu. Lakini hadithi yake inaanzia wapi? Kundi lake la wavamizi lilitaka mzee mmoja asiye na silaha auawe, Grog akakataa, wakampiga na kumwacha afe. Hakuhitaji hesabu kujua kwamba hilo ni baya. Watu wanampenda kwa sababu anajua anachopenda: marafiki zake, pombe, na vita. Utani wake unatoka kwa hamu zake.

Na hiyo ndiyo siri. Usianze na asichojua. Uliza anajua nini. Shosho wa kuuza mboga ambaye hajawahi kuingia darasani anakumbuka madeni ya watu thelathini bila daftari, kwa hivyo kutojua kusoma na Akili ndogo ni vitu viwili tofauti. Pia kumbuka Busara ni namba nyingine. Kumnusa mwongo ni kazi ya Busara. Mchawi wenu wa Akili 18 atasoma mkataba wa mfanyabiashara na kuona kila mstari uko sawa. Mpiganaji wako wa Akili 6 na Busara 14 ndiye ataona jamaa anaangalia mlango kila sekunde.

Kuna ile shida ya vitendawili, najua. DM anatega, wewe unajua jibu, mhusika wako hawezi kujua. Wengine hunyamaza nusu saa wakiangalia simu. Mimi hupitisha jibu kwa mlango wa nyuma. Mlango wa pango ukiuliza ni nani anayekufuata mchana kutwa na kukukimbia giza likiingia, mhusika wangu analalamika tu: "Mimi naenda kukaa kivulini, hili jua ni kali." Kisha unaangalia uso wa yule anayecheza mchawi ukibadilika polepole. Manze, hiyo raha haina bei.

Na tafadhali, lile la "ndivyo mhusika wangu angefanya" baada ya kuua mtu mliyemtafuta vikao vitatu, liache. Watu wamelipa nauli kuja hapo.

Mhusika wangu wa sasa ana Akili 6. Ni mvushaji wa mtumbwi aliyeingia vitani kwa bahati mbaya. Hesabu ya zaidi ya kumi inamchanganya, kwa hivyo anatembea na mfuko wa kokoto, moja kwa kila mtu aliyewahi kumvusha bila malipo. Kikao kilichopita mchawi wetu aliuliza kama anaweza kumwaga hizo kokoto ili atumie mfuko. Tulibishana dakika ishirini, na mfuko bado ninao.