Mathe akienda kuchomwa mionzi, usiulize mashine tu

Wengi wetu tunaijua saratani kupitia paybill. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa usiku, kila mtu anatuma alicho nacho, na swali linakuwa moja: ni hosi gani iko na mashine? Swali poa. Lakini kuna lingine ambalo hatuulizi, na ndilo linaamua mgonjwa ataishi aje akishapona. Hiyo mionzi itapitia wapi?

Mionzi haina macho. Ukiielekeza kwa titi la kushoto, nyuma yake kuna pafu na moyo. Ndiyo maana kabla ya kuchomwa mgonjwa hupigwa picha za CT, daktari anachora palipo na ugonjwa na viungo vya kulindwa, kisha mtaalamu wa fizikia anakaa kwa kompyuta kupanga miale. Watu hudhani wanazungushwa. Zii, hapo ndipo kazi kubwa iko.

Mbinu ya 3D hutumia miale michache inayofuata umbo la uvimbe. IMRT hugawanya kila mwale vipande vidogo, vingine vikali, vingine hafifu, hadi dozi inajipinda kukwepa kiungo. VMAT hufanya hivyo huku mashine ikimzunguka mgonjwa, na humaliza mapema.

Tofauti si ya vitabuni. Uingereza walilinganisha mbinu ya zamani na IMRT kwa wagonjwa 94 wa saratani ya koo, wakikwepa tezi za mate. Matokeo yalitoka 2011: baada ya mwaka mmoja, asilimia 74 ya kundi la mbinu ya zamani walikuwa na ukavu mbaya wa mdomo. Wa IMRT, asilimia 38. Jaribu kumeza ugali bila mate ndio uelewe.

Lakini usikimbilie jina kubwa. IMRT na VMAT zinaweza kusambaza dozi ndogo sehemu pana zaidi, kama titi la pili. Na kuna ujanja rahisi: mgonjwa wa titi la kushoto anavuta pumzi, anaishika, pafu linajaa na moyo unasogea mbali na mionzi. Utafiti wa Sweden na Denmark wa 2013 ulionyesha kila gray moja ya wastani ikifika kwa moyo, hatari ya matatizo makubwa ya mishipa yake hupanda kwa karibu asilimia 7.4. Mama apone saratani halafu moyo umwangushe? Haiwezekani tukubali hivyo.

Kwa hivyo mwanasiasa akikata utepe wa mashine mpya, tusipige makofi tu. Tuulize wameajiri wataalamu wangapi wa kupanga matibabu, na kama wana muda wa kulinganisha mipango miwili kabla ya kuchagua.

Na wewe ukimsindikiza mathe, muulize daktari ni viungo gani viko karibu na vitapata dozi ngapi. Kompyuta hutoa grafu ya kila kiungo, mwombe akuonyeshe. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mgonjwa mara nyingi huambiwa aje kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kikijaa husukuma utumbo kando. Hakikisha chupa ya maji iko kwa begi, na mtoke nyumbani kabla jam haijashika.