Mchezo mpya hauivi kwa wiki mbili

Imekuwa desturi katika wilaya na shule nyingi kwamba tamasha linapokaribia, barua huandikwa. Barua hiyo hutaja siku ya tamasha, cheo cha mgeni rasmi na ujumbe wa mwaka, kisha huagiza kila shule ilete ngoma moja, kwaya moja na mchezo mmoja wa kuigiza. Mwalimu anayeipokea hubakiwa na wiki mbili, pengine tatu, na katika wiki hizo anavyo vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Basi hukesha usiku mmoja akaandika mazungumzo ya kurasa sita. Yumo mlevi, yumo mama mvumilivu, yumo mtaalamu aletaye ushauri, na mwishoni mlevi anatubu. Wanafunzi hukariri. Siku ya siku watazamaji hucheka pale mlevi anapoyumba, mgeni rasmi hupiga makofi, na mchezo hufa jioni ile ile.

Aghalabu lawama hutupiwa mwalimu, kwamba hana kipaji. Lawama hiyo si ya haki. Kasoro iko katika dhana iliyomo ndani ya ile barua, yaani kwamba mchezo wa kuigiza ni maandishi ya mtu mmoja, na kwamba maandishi yakishapatikana kilichobaki ni kukariri tu. Wanaoijua kazi hii hawaamini hivyo, na ushahidi wao unaweza kutafutwa mahali ambapo michezo mipya hupimwa bila huruma kila mwaka, katika tamasha la Fringe la mji wa Edinburgh, Scotland. Ushahidi ulio na nguvu zaidi kwa msomaji wa hapa ni ule wa mchezo mmoja wa Kiafrika uliopelekwa huko mwaka 1982.

Tamasha la Fringe lilianza kwa ukaidi. Mwaka 1947, vita kuu ikiwa imemalizika miaka miwili tu nyuma yake, mji wa Edinburgh uliandaa tamasha rasmi la kimataifa la muziki na maigizo, na mabingwa wakaalikwa. Vikundi vinane ambavyo havikualikwa vilikuja vivyo hivyo, vikajitafutia kumbi, vikaonyesha. Mwaka uliofuata mwandishi Robert Kemp aliandika gazetini juu ya maonyesho yaliyokuwa yakifanyika pembezoni mwa tamasha rasmi, na jina hilo la pembezoni, ndilo Fringe, likashika. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha kuratibu shughuli hizo, na msimamo wake ukawa kwamba haitakuwepo kamati ya kuchagua nani aonyeshe na nani azuiwe. Msimamo huo haujaachwa hadi leo, na mtoto huyo asiyealikwa amempita mzazi wake kwa ukubwa. Katika miaka ya karibuni maonyesho zaidi ya 3,000 yamekuwa yakifanyika kila Agosti, katika kumbi za maonyesho, makanisa, baa, madarasa ya chuo kikuu na hata vyumba vya chini ya ardhi.

Mazingira hayo yameipa michezo yenyewe umbo lake. Ukumbi mmoja hupokea vikundi vingi kwa siku moja, kimoja kikitoka kingine kinaingia. Onyesho la kawaida huchukua kama saa moja, na dakika za kupanga jukwaa na kulisafisha ni chache. Mchezo unaohitaji sebule yenye makochi na kabati la vyombo hauna pa kukaa huko. Kinachobaki ni mwigizaji, mwili wake, sauti yake, na jambo alilonalo la kusema. Mwaka 1973 gazeti la The Scotsman lilianzisha tuzo ya Fringe First kwa ajili ya kazi mpya tu, ili wanaothubutu kuleta kitu ambacho hakijapata kuonekana wasifunikwe na wanaorudia michezo iliyokwisha kusifiwa.

Mwaka 1981 mchezo uitwao Woza Albert! ulionyeshwa katika Market Theatre ya Johannesburg. Nyumba hiyo ya maonyesho ilifunguliwa Juni 1976, mwezi ule ule wa maasi ya wanafunzi wa Soweto, katika jengo lililokuwa soko la matunda. Mchezo ulitungwa na watu watatu: waigizaji wawili Waafrika, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema, pamoja na mwongozaji Mzungu, Barney Simon. Mtwa na Ngema walikuwa wamekutana katika kundi la Gibson Kente, mtunzi aliyevuma sana kwa michezo ya muziki katika vitongoji vya Waafrika. Wakiwa safarini na kundi hilo walianza kubishana juu ya swali moja: Yesu akishuka leo Afrika ya Kusini, makaburu watampokeaje?

Swali la namna hiyo mtunzi mwenye haraka angelijibu usiku mmoja. Hawa waliliacha kundi, yaani waliuacha mshahara, wakafanya kazi wawili peke yao kwa miezi mingi kabla ya kumwendea Simon. Naye hakuwapa karatasi ya kukariri. Njia yake, ambayo alikuwa ameizoea katika kazi nyingine pia, ilikuwa kuwatuma waigizaji waende wakatazame watu na kuwasikiliza, kisha warudi chumba cha mazoezi na walichokiona. Kwa sababu hiyo mchezo umejaa watu wanaotambulika mara moja na yeyote aliyewahi kukaa katika mji wa Kiafrika: kinyozi wa barabarani, muuza nyama, kijana muuza makaa ya mawe, bibi kizee anayefukua mapipa ya taka akitafuta chakula, wanaume wanaongojea kazi nje ya ofisi ya vibali, vibarua wa kiwanda cha matofali. Kila mmoja anaulizwa atamwomba nini Morena, yaani Bwana, akija. Majibu ni ya watu wanaojali shida ya siku yenyewe, na hapo ndipo ukali wa mchezo unapotoka. Yumo mzee asiye na meno ambaye katikati ya habari zake anahangaika kutia uzi katika sindano isiyokuwepo. Ofisa utamaduni wa kawaida angempa mzee huyo hotuba juu ya ubaguzi wa rangi. Watunzi walimpa sindano, na watazamaji wakamwelewa.

Vifaa vya mchezo huo vingeweza kubebwa kwa baiskeli. Jukwaani yapo masanduku mawili ya chai yaliyogeuzwa, na nyuma yake ubao wenye misumari uliotundikiwa nguo kuukuu. Waigizaji ni wawili tu, vifua wazi, na kila mmoja amevaa shingoni uzi wa mpira wenye nusu ya mpira mdogo uliopakwa rangi ya waridi. Anapotaka kuwa Mzungu, polisi au waziri, huipachika nusu hiyo puani. Bendi ya jazi inayosikika mwanzoni ni vinywa vyao. Ndege inayotua, helikopta na umati wa watu ni wao hao wawili.

Habari yenyewe inakwenda mbio. Serikali ya makaburu kwanza inafurahi kwamba Morena ameichagua nchi yao. Baada ya kuwasikia wananchi inambadilikia, inamwita mchochezi, inamtia ndani. Anatoroka, na mwishowe, alipofungwa katika kisiwa cha Robben, anaondoka akitembea juu ya maji na kushambuliwa kwa bomu ambalo linauteketeza mji wa Cape Town. Siku ya tatu yuko makaburini, na mlinzi wa makaburi anamwonyesha nani wa kufufua. Majina yanaitwa moja moja, la kwanza likiwa la Albert Luthuli, kiongozi wa ANC aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960 na kufariki mwaka 1967. Jina la mchezo ni wito huo kwa Kizulu: njoo, Albert. Katika nchi iliyowapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya kujenga shule Mazimbu, Morogoro, majina yale hayahitaji maelezo.

Mchezo huo ulipofika Edinburgh mwaka 1982 ulipata tuzo ya Fringe First. Haukubebwa na uzuri wa majukwaa wala jina la mtunzi, kwa maana watunzi hawakujulikana huko. Ulikuwa umekwisha kuiva nyumbani, mbele ya watu wenyewe waliokuwa wakiigizwa, ambao wangecheka pasipostahili kama neno moja lingekuwa la uongo.

Wenyeji wa Scotland nao wanao mfano wao. Kundi la 7:84, lililoanzishwa mwaka 1971, lilijipa jina hilo kutokana na takwimu kwamba asilimia 7 ya watu wa Uingereza walimiliki asilimia 84 ya utajiri wa nchi. Mwaka 1973 kiongozi wake, John McGrath, alitayarisha mchezo juu ya nyanda za juu za Scotland, jinsi wakulima walivyofukuzwa katika ardhi yao ili wapishe kondoo, kisha wapishe wawindaji matajiri, na hatimaye wakaja wenye makampuni ya mafuta. Aprili mwaka huo, mchezo ukiwa bado haujakamilika, ulisomwa mbele ya mkutano wa watu mjini Edinburgh. Baada ya hapo kundi lilipanda gari likaenda kuuonyesha katika kumbi za vijiji huko huko nyandani, na onyesho likiisha wanakijiji na waigizaji walicheza dansi pamoja. Mtunzi anayekubali kusikilizwa akiwa hajamaliza anajiweka katika hatari ya kuaibika, lakini anapata jambo ambalo halipatikani mezani. Hata mchezo wa Fleabag wa Phoebe Waller-Bridge, uliopelekwa Fringe mwaka 2013 na baadaye ukawa mfululizo wa televisheni, ulianza kama kipande cha dakika kumi tu alichojaribia mbele ya watu.

Isidhaniwe kwamba Edinburgh ni pepo ya wasanii. Kamati ya kuchagua haipo, ndiyo, lakini mfuko upo na unachagua kwa ukali kuliko kamati yoyote. Kikundi kinalipia kujiandikisha katika kitabu cha tamasha, kinalipia ukumbi, na kinalipia malazi katika mwezi ambao kodi za vyumba hupanda kupita kiasi. Wengi hurudi makwao na madeni. Mlango uliofunguliwa mwaka 1947 na watu wasioalikwa umegeuka kuwa biashara kubwa ya wenye kumbi na wenye nyumba, na mtoto wa mfanyakazi mwenye kipaji huweza kuzuiliwa mlangoni bila mtu yeyote kutamka neno la kumzuia. Anayetaka kuiga tamasha hilo hapa nchini na aichukue njia ya kazi, aiache hesabu ya kodi.

Wako watakaosema kwamba kuwaacha wasanii wakajiokotee maudhui sokoni na vijiweni kutazaa michezo isiyo na mwelekeo, na kwamba shabaha ya tamasha la umma ni kufikisha ujumbe. Hoja hiyo hutolewa mara nyingi na watu waadilifu, na inastahili jibu. Jibu limo katika historia ya hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mswada. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya kijiji, na wanakijiji wenyewe wakaamua kwamba lililowakera zaidi lilikuwa hali ya vijana wao. Maigizo yakajengwa juu ya uamuzi huo, yakaonyeshwa, na onyesho likafuatwa na majadiliano. Mwelekeo haukukosekana. Kilichokosekana ni ujumbe ulioandikwa mjini na mtu ambaye hajui kijiji kina shida gani. Kadhalika si kweli kwamba utunzi wa pamoja ni jambo geni katika Kiswahili: Harakati za Ukombozi, uliochapishwa mwaka 1982, ni kazi ya watunzi watatu, Lihamba, Mlama akitumia wakati huo jina la Penina Muhando, na Ndyanao Balisidya.

Kwa hiyo maofisa wanaoandika zile barua wanaweza kuzibadili bila kuongeza senti moja katika bajeti. Barua itoke mwanzoni mwa mwaka wa masomo badala ya wiki mbili kabla ya tamasha. Isitaje ujumbe, iulize swali. Shule ya kando ya ziwa iulizwe kwa nini samaki wadogo wanavuliwa na nani anawanunua, na wanafunzi watumwe mwaloni kusikiliza, madaftari mfukoni. Mwalimu asidaiwe mswada mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza mswada wa kweli haupo bado. Adaiwe kipande cha dakika kumi kilichoonyeshwa mbele ya wazazi, na taarifa ya yale wazazi waliyoyapinga. Mgeni rasmi naye ajulishwe mapema kwamba huenda akasikia jambo ambalo halikupitia ofisini kwake. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hapana shaka ndilo litakaloamua kama mengine yatafanyika.

Lipo pia suala la kinachobaki. Woza Albert! ulichapishwa London mwaka 1983, ukaweza kusomwa na kuigizwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona Mtwa na Ngema jukwaani. Michezo ya shule zetu, hata ile michache inayotokea kuwa mizuri, hukaa katika daftari la mwalimu. Siku mwalimu akihamishwa daftari huondoka naye, na shule inapopokea barua nyingine ya tamasha huanza tena na yule yule mlevi.